Yule wa Goti

Nilikotoka, mpira wa magongo ni mchezo wa wasichana wa shule za bweni. Unachezwa kwenye nyasi, na hata huo sikuwahi kuutazama mpaka mwisho. Ule wa kwenye barafu nilikuwa siujui kabisa. Lakini mwaka wangu wa tatu Riyadh, nikiwa dereva wa familia, nilichagua wanaume kumi na watano wanaoteleza na magongo huko Kanada, na maisha yangu na mke wangu yakawa mikononi mwao.

Wacha nieleze, maana hata mimi ilinichukua muda kuelewa. Bosi wangu na ndugu yake walisoma Kanada, wakarudi na ugonjwa wa mchezo huo. Kila msimu kila mmoja huunda timu yake kwenye simu kwa kuchagua wachezaji wa kweli kutoka klabu mbalimbali. Mchezaji wako akifunga kule, wewe huku unaandikiwa pointi. Bosi alikuwa ameshindwa na nduguye miaka mitatu mfululizo, na jambo hilo lilimkera kila alipolikumbuka.

Ndugu huyo alikaa Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah, na ndiye aliyekuwa kafili, yaani mdhamini na mwajiri, wa mke wangu. Tulikuja kwa wakala mmoja, yeye kazi za ndani, mimi udereva, tukadhani tutakuwa tukionana wikendi. Hakuna aliyetuambia kwamba kutoka Riyadh hadi Jeddah ni siku nzima ya barabara. Kwa miaka miwili na ushee nilikuwa nimemwona mara mbili, nilipompeleka bosi kumsalimu nduguye. Mara zote mbili tulisimama kwenye mlango wa jikoni, tukiongea haraka, na madam, mke wa ndugu huyo, akipita kila baada ya dakika mbili.

Siku moja nilikuwa nikiendesha, nikawasikia ndugu hao wakibishana kwenye spika ya gari. Kiarabu nilikuwa nimeanza kukisikia. Wakawekeana dau. Ndugu akishinda, atachukua kozi wa bosi, yule ndege wa kuwindia aliyempenda kuliko magari yake yote. Bosi akishinda, atamchukua mke wangu: ikama yake, kile kibali cha kuishi, ihamishiwe Riyadh, aje asaidie nyumbani kwetu. Walicheka wote wawili. Mimi sikukasirika. Niliogopa tu kwamba watasahau.

Hawakusahau. Bosi alisema nina mkono wa bahati, kwa sababu msimu uliopita aliniuliza achague nani kati ya wachezaji wawili, na yule niliyemtaja akafunga mara mbili wiki ile ile. Akaongeza kwamba mimi nashinda kwenye maegesho nikimngoja, basi nifanye kazi. Akanipa simu ya pili. "Yalla," akasema. "Mke ni wako, chagua wewe."

Nilipofungua orodha nikaona kitu ninachokijua. Picha, umri, urefu, uzito. Hivyo ndivyo tulivyopangwa sisi kwa wakala kule Nairobi, na madam wa Jeddah alimchagua mke wangu kwa picha, akiwa amekaa kwenye sofa lake. Basi nami nikachagua kimadam. Wazee niliwaruka. Wadogo sana niliwaruka pia, hao watalilia mama zao. Waliocheka kwenye picha sikuwataka kabisa, maana wakala alitukataza kucheka, akasema hakuna anayetaka mfanyakazi wa kuchekacheka. Hesabu ya mabao yao ilikuwa pembeni, nami niliitazama mwisho.

Mke wangu aliruhusiwa simu Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Nilimtumia nyuso tatu nilizoshindwa kuamua. Akajibu kwa sauti, akinong'ona: "Huyo wa katikati. Ana uso wa mtu wa kuamka mapema."

Nikamchukua wa katikati. Wallahi, yule mtu alitubeba. Alifunga, akatoa pasi, akafunga tena. Kila Ijumaa mke wangu aliuliza habari zake kabla ya kuuliza zangu, akimwita mtu wangu, nami nikajifanya kuona wivu. Kufikia Krismasi tulikuwa mbele ya Jeddah, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuwaza chumba kile kidogo nyuma ya nyumba, pazia la rangi gani. Baada ya Krismasi majibu yake yakawa mafupi, neno moja, maneno mawili. Nilidhani kazi zimemzidi.

Januari bosi akaenda jangwani kuwinda na kozi wake, kusiko na mtandao. Siku ya pili nikaona alama nyekundu kwenye jina la mtu wetu. Goti. Wiki sita.

Nilikaa kwenye gari nikiitazama ile alama. Sikuwa na wa kumuuliza. Nilimkumbuka mlinzi mmoja wa jirani yetu, Mkenya mwenzangu, aliyeanguka kwenye ngazi akavunjika mguu. Plasta haijakauka vizuri, alikuwa uwanja wa ndege na begi lake. Mtu akiumia, halas, kwisha. Hilo nilikuwa nimejifunza vizuri kuliko Kiarabu. Nikabonyeza, nikamtoa, nikaweka mzima mahali pake.

Kabla ya magharibi, ndugu wa Jeddah alikuwa ameshamwokota, akamtia kwenye timu yake.

Bosi aliporudi hakunipigia kelele. Alinionyesha chini kabisa ya ukurasa nafasi ambayo sikuwahi kuitazama. "Kwa nini umemtupa?" akauliza. "Alikuwa mgonjwa tu. Hii ni nafasi ya wagonjwa. Unamweka hapa, unamngoja." Nilimwambia sikujua kama kuna mahali pa kumngojea mtu. Alinitazama, nadhani alifikiri namtania.

Ijumaa mke wangu akauliza kama kawaida, mtu wangu yuko aje. Nikamwambia nimemtoa, ameumia goti. Akasema anaitwa jikoni.

Yule mtu alipona, akarudi barafuni, akamfungia ndugu wa Jeddah mpaka msimu ukaisha. Tulishindwa kwa pointi nne. Nilimpeleka kozi Jeddah mimi mwenyewe, ndege amevikwa kofia yake ya ngozi, kiti cha nyuma, na njia nzima nilijipanga nitamwambia nini mke wangu mlangoni pa jikoni.

Mlango ulifunguliwa na dada mwingine, Mganda, mgeni. Akaniambia yule wa kabla yake, Jumamosi iliyopita, aliangusha birika la gahawa mbele ya wageni. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba, haushiki. Siku ya tatu akapandishwa ndege.

Nilimpata kwa simu akiwa kwa mama yake. Alisema aliteleza bafuni siku chache baada ya Krismasi, akauficha mkono, akapika, akafua, akapiga pasi kwa wa kushoto, akingoja tushinde aje kwangu. Nililia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi.

"Nilitaka kukwambia Ijumaa ile," akasema. "Ndio ukaniambia umemtoa yule wa goti."