Nilichora mpaka wa kihamba kwa rangi za maji, baba akaupeleka barazani kama ushahidi

Wakuu, habari za humu. Wakubwa zangu, kama bado mpo, shikamooni. Wadogo, marahaba, nimeshazipokea hata kabla hamjazituma.

Mimi ni mzee wa zaidi ya themanini na naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo atakayekuta herufi imeruka asinifungulie kesi. Ninachosimulia ni kweli tupu. Uongo niliowahi kuusema katika habari hii uko kwenye picha, na huo ndio ulionileta hapa.

Juzi kuna kijana aliweka humu picha zake za rangi za maji, watu wakamuuliza wazo analipata wapi. Nikakumbuka yangu.

Twende taratibu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado anatawala. Nilikuwa na miaka kumi na saba, nafanya kazi ya jikoni kwenye shamba la mlowezi mmoja upande wa Momela. Mke wa yule mlowezi alikuwa mchoraji. Jina lake lilitushinda kulitamka, tukamwita Mama Rangi.

Kila asubuhi ukungu ukishapanda, alikaa nje na kuuchora Mlima Meru. Mlima uleule, kila siku. Mpishi wetu alikuwa akisema huyu mama anadhani mlima utahama.

Kazi yangu mojawapo ilikuwa kumbadilishia maji ya kuoshea brashi. Nikawa natazama anavyofanya. Akaona natazama, akanipa kisanduku cha vidonge vya rangi vilivyobaki nusu na karatasi nene chache. Mshahara wa kwanza haukunifurahisha kiasi kile.

Kwa wasiojua, rangi za maji hazina huruma. Ukitaka moshi au wingu, hupaki chochote, unaiacha karatasi ilivyo. Na ukikosea huwezi kufunika, kwa sababu cha chini kinaonekana tu.

Siku ya kwanza nilimwaga kijani mahali pasipotakiwa, nikakimbilia kitambaa. Mama Rangi akanishika mkono. Kiswahili chake kilikuwa kile cha walowezi: "Hapana futa. Doa iko mgeni. Fanya yeye kitu."

Yaani doa lisifutwe, ligeuzwe kuwa mti, jiwe, mbuzi, chochote. Nililishika neno lile kuliko katekisimu. Ndilo lililokuja kuniponza.

Sasa picha yenyewe.

Kwetu ni mtelemkoni huku Meru, migomba na kahawa. Kihamba chetu, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kilipakana na cha mjane mmoja, Mama Ndeshi. Mumewe na baba yangu walikuwa marafiki, walipandiana hata kahawa. Pale mpakani palikuwa na mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu ndiyo alama ya mpaka. Ukiling'oa sale la mtu umetangaza vita.

Mnaniuliza wazo lilitoka wapi? Lilitoka kwenye moshi. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikauona moshi wa jiko la Mama Ndeshi ukipenya kwenye migomba yake, mweupe, hauna haraka. Huyu mama alinilisha ndizi na maziwa tangu nikiwa natambaa. Nikasema leo nauchora huu moshi.

Nikachora kwa penseli kwanza: migomba, mikahawa, mstari wa masale mahali pake. Kisha nikaanza rangi. Moshi ukatoka vizuri mpaka nikajiona nimeshamaliza shule. Hapo tone la umande likaanguka kutoka kwenye jani la mgomba, likatua kwenye kijani kibichi, na kijani kikatiririka kuvuka mikahawa hadi karibu na jiko la mjane.

Nikafanya nilivyofundishwa. Lile doa nikaligeuza masale.

Ila masale hayawezi kuwa mistari miwili kwenye mpaka mmoja. Yale niliyoyachora kwa penseli mahali pa kweli nikayapitishia kijani cha nyasi. Kwa hiyo kwenye picha, mikahawa kumi na minne ya Mama Ndeshi ikawa upande wetu.

Wala sikufikiria lolote. Ilikuwa picha tu.

Baba aliipenda. Akaitundika ukutani karibu na kalenda ya kanisa, na kila mgeni alionyeshwa. Mimi nikarudi Momela kifua mbele.

Miaka miwili ikapita. Ikaja masika mbaya, korongo likafurika na kushusha tope, masale yote ya mpakani yakaenda na maji. Mikahawa ilisalimika. Mama Ndeshi akaenda kuipalilia kama siku zote, baba akamwuliza anafanya nini kwenye kahawa yake.

Wakuu, naomba mnielewe hapa, kwa sababu najua mtamtukana baba yangu. Baba hakuwa mwizi. Alikuwa mzee wa kanisa na hakuwahi kuchukua hata kuni za mtu. Lakini ile mikahawa walipandiana na marehemu, na ile picha alikuwa ameitazama kila siku kwa miaka miwili. Picha ikawa ndiyo kumbukumbu yake. Aliamini kabisa.

Na kumbukeni wakati wenyewe. Watu wetu upande wa Ngare Nanyuki walikuwa wametolewa na serikali kwenye ardhi yao, na kila mtu alikuwa ameona karatasi ikishinda midomo ya wazee. Wapimaji walikuja na karatasi, kesi ilikwenda na karatasi. Baba akajifunza somo hilo. Akasema safari hii karatasi iko kwetu.

Nilipofika nyumbani Jumamosi nikaikuta picha haipo ukutani. Imefungwa kwenye kitambaa safi, juu ya meza.

"Jumatatu ya tatu kuanzia sasa kuna baraza kwa mshili," baba akaniambia. Mshili ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo wetu. "Picha yako itasema."

Nikaitikia, "Sawa, baba." Maneno mawili hayo ndiyo yaliyonitesa wiki mbili na zaidi.

Kule Momela nikawa mtu wa ovyo. Nilivunja vikombe. Nilitia chumvi kwenye chai ya Mama Rangi, akaniuliza kama naumwa, nikasema ni tumbo. Nilijaribu kumweleza lile doa, akacheka, akasema picha si ramani. Ni rahisi kusema hivyo kama shamba lako lina hati.

Jumamosi iliyofuata nikaenda nyumbani nimeazimia kusema. Nikamkuta baba anacheka na wageni, anawaambia mwanawe anachora mpaka Wazungu wanashangaa. Nikala ugali nikanyamaza. Jumamosi ya tatu nikakutana na Mama Ndeshi njiani akitoka mtoni. Nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza kazi. Hakutaja kesi hata kidogo. Nikatamani anitukane.

Mikahawa ile ndiyo iliyokuwa ikimweka mwanawe, Ndeshi, shuleni. Nilijua. Na nilijua pia kwamba nikifungua mdomo nitamfanya baba yangu mwongo mbele ya ukoo mzima. Kila nikipiga hesabu, mmoja anaumia.

Jumatatu ikafika.

Watu walijaa uwanjani kwa mshili. Baba akasimama na koti lake la kanisani, akaifungua picha, akaizungusha kila mtu aione. Watu wakatikisa vichwa. Wapo waliosema kwa sauti kwamba karatasi haidanganyi.

Mshili akamwuliza Mama Ndeshi ana nini cha kujibu.

Akasimama. Alisema kwa Kimeru, natafsiri: "Mimi sina karatasi. Lakini aliyechora ni Eliakimu, na huyo amekulia jikoni kwangu. Akisema ndivyo palivyokuwa, mimi nimekubali, naacha."

Akakaa. Mjane yule aliweka shamba lake mdomoni mwangu.

Mshili akanigeukia. "Kijana, ulichora ulichokiona?"

Nilimtazama baba, naye alikuwa ananitazama kwa fahari, ametulia kabisa, hana wasiwasi hata chembe.

"Hapana, shikamoo," nikasema. Nilichanganyikiwa mpaka nikamwamkia upya. Watu wakacheka. "Hilo ni doa. Maji yaliniponyoka, nikaligeuza masale."

Kicheko kikaisha. Mmoja akasema nimehongwa na mjane. Nikamwomba mshili aishike picha ikitazama jua, aangalie chini ya kijani, upande huu wa mikahawa. Akaiinua, akaisogeza karibu na macho, akakaa nayo muda mrefu. Mistari ya penseli ilikuwa palepale, sale moja baada ya jingine, mahali pake pa kweli.

Akawaita wazee wawili nao waone. Shauri likaishia hapo. Mikahawa ikabaki kwa Mama Ndeshi, na masale mapya yakapandwa wiki hiyohiyo.

Baba aliikunja picha mara nne, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani bila mimi.

Hakunisemesha mwezi mzima. Chakula nilipewa, salamu iliitikiwa, basi. Nikajua ni kwa sababu ya kahawa, na moyoni nikawa namlaumu. Nikajiambia nimefanya haki, mzee ana kiburi. Nilijiona shujaa kidogo, sitaki kuwaficha.

Siku moja tukiwa tunapogoa migomba, akasimamisha panga.

"Mikahawa si kitu," akasema. "Ilikuwa ya mama yule, imerudi kwake, nashukuru Mungu. Lakini wewe ulijua tangu Jumamosi ya kwanza."

Nikaendelea kukusanya majani aliyoyakata.

"Ulikula mezani kwangu, ukaniona naifunga picha kwenye kitambaa. Ukaniona navaa koti. Ungeniambia tukiwa wawili, ningekwenda mwenyewe kwa Mama Ndeshi nikamwomba radhi, yakaisha jikoni kwake. Ukaniacha nikaenda kudhulumu mjane mbele ya watu, na mimi sijui."

Akaendelea kupogoa.

Alikufa tukiwa tumepatana, msinielewe vibaya. Lakini hakuwahi tena kumwonyesha mgeni picha yangu yoyote.

Fundisho nililopata, wakuu, si lile mnalodhani. Kusema ukweli barazani hakukunishinda, nilisema, na watu wakanisifu. Ilinishinda kuusema nyumbani, kwa mtu mmoja, pale ambapo ulikuwa bado haujamgharimu mtu chochote. Nilidhani namwogopa baba asije akaumia. Nilikuwa naogopa asije akaacha kunisifia.

Haya, uwanja ni wenu. Wachoraji mseme, na wanaotaka kunihukumu wahukumu, nimezoea baraza. Ila kama wewe unayesoma una neno kama hilo ndani, na mzee wako yu hai, zima simu uende kwanza. Komenti utaandika ukirudi.