Maboksi Matatu Juu ya Dari

Mwenzangu wa kazi, Mkenya kutoka Nairobi, alikuwa na maradhi ya usafi. Waya ukionekana, alikosa raha. Chumbani kwetu mtaani Fereej Bin Mahmoud, huku ughaibuni, alikuwa akificha hata wa chaja chini ya zulia. Miaka miwili alinibebea ngazi, kisha akapewa majaribio ya ufundi umeme katika nyumba moja ya Al Rayyan. Dari yake ya kwanza ilitoka nyeupe, laini, bila kifuniko hata kimoja.

"Maboksi ya kuungia nyaya yako wapi?" nikamuuliza.

"Yako huko juu, buda. Watu wa bodi za jipsamu wameshafunga dari. Huwezi yaona tena." Alisema kwa fahari.

Mimi umeme nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya mitumba na daftari, na watu wa namna hiyo huwa wasumbufu. Nikamweleza kwamba maungio ndiyo hulegea na kupata moto, kwa hiyo boksi lazima lifikiwe bila kuvunja kitu. Alinisikiliza kama mtu anayesubiri tangazo liishe.

"Mzee, wewe hata chai unapima na rula."

Alhamisi asubuhi taa za majlisi, sebule ya wageni ya mwenye nyumba, zikaanza kuwaka na kuzimika. Wageni wangefika jioni. Msimamizi wetu, Mganda asiye na maneno mengi, angepita saa tisa mchana, na alikwisha sema: dari hiyo ikiguswa tena, majaribio yamekwisha.

"Boksi liko wapi?" nikauliza.

"Karibu na pale nilikuwa nimesimama."

"Ulisimama wapi?"

"Juu ya ngazi."

Nikazima swichi ya taa kwenye bodi ya umeme na kuifunga kwa kufuli. Nikajaribu testa, kifaa cha kupimia umeme, kwenye soketi yenye umeme, nikapima nyaya za taa, kisha nikairudisha testa kwenye soketi ile ile nione kama bado inasema kweli.

"Hiyo testa ikipita mtihani, niambie," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Tukachomoa taa moja ya dari. Nikaingiza simu kwenye tundu lake, nikapiga picha. Boksi lilikuwa nusu mita kutoka pale, halina mfuniko. Nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu nyeusi, nayo tepu imeanza kuungua.

Akaikuza picha kwa vidole viwili. "Ni mimi nilifanya hivi?"

"Tena kwa usafi mkubwa."

Ilibidi kukata dari. Alikata mwenyewe, akaunga nyaya upya kwa konekta za kubana, akafunga mfuniko kwa skrubu, na kwenye dari tukaweka kilango cheupe kinachofunguka. Taa zikatulia. Msimamizi alipoingia, kichwa cha Mkenya kilikuwa bado cheupe kwa vumbi.

Nilikwisha fungua mdomo kusema nimekata mimi. Akaniwahi.

"Nimekata mimi. Na kuna maboksi mengine mawili, nimeyafukia vilevile. Hayana mifuniko."

Hayo mawili mimi sikuyajua.

Msimamizi akafungua kilango, akachungulia, akakifunga.

"Yako wapi?"

"Ukumbini."

"Wageni wanakuja saa moja. Yafungue yote, unionyeshe ndani kabla ya kufunga. Majaribio yamekwisha, kama nilivyosema. Wiki ijayo nakuandika fundi."

Mkenya akaishika ngazi, kisha akaiacha.

"Naweza kunywa maji kwanza?"

"Kunywa," msimamizi akasema.