Mpishi wa Vitani

Ijumaa iliyopita nilikuwa kwenye hitima, katika fleti moja hapa Al Muraqqabat, Dubai. Marehemu alikuwa mzee wetu wa Unguja, aliyekwenda vita vya Uganda ujanani, kisha akauza mablanketi Deira miaka ishirini. Kila aliyemsifu alijibiwa na mzee mwingine, jirani yake wa duka, bila kuinua macho kwenye pilau.

"Alikuwa shujaa," alisema mkwewe.

"Alikuwa mpishi. Bunduki aliiona kwa wenzake."

"Na biashara aliijua."

"Wateja aliwatoa kwangu."

"Wanawe aliwapenda."

"Nani hapendi wanawe?"

Mlangoni alikaa mlinzi wa jengo, Mganda, kofia mapajani. "Mzee, ni kweli alikuwa mpishi," alisema taratibu. "Kila Ijumaa aliniletea sahani ya wali. Aliniambia, 'Kula, mwanangu. Kule kwenu niliwapikia askari tu, watoto wa watu wakinitazama.'"

Jirani akaiweka sahani chini. "Miaka ishirini tumepakana ukuta," alisema. "Mimi hilo hakuniambia."

Muda wote nilidhani anamwonea wivu marehemu kwa sifa zake. Kumbe wivu wenyewe ulikuwa bado haujafika. Tulipokuwa tukivaa viatu, nilimsikia akimwuliza mlinzi kwa sauti ya chini:

"Huo wali, alikutilia nazi?"

"Sana, mzee."

Akaondoka bila kuaga.