Vipande Vyenye Ufa

Habari hii siwezi kuisimulia nimetulia, na asiyependa kelele aondoke mapema. Wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, anasomea udaktari. Si ule wa sindano, ni huu wa kutafiti kitu kimoja mpaka macho yaingie ndani. Utafiti wake ni nusu viumbe, nusu ujenzi: anachanganya zege na bakteria, analipasua kwa makusudi, analilaza majini, kisha anangoja bakteria watoe chokaa na kuziba ufa.

"Kwa hiyo unafuga wadudu wa kupiga lipu," nilimtania.

"Wananisikia kuliko kaka yako, wifi."

Ana wasimamizi wawili, na hapo ndipo damu inaponichemka. Profesa wa viumbe na Profesa wa ujenzi waligombania chumba cha maabara zamani, na hawasemezani tangu hapo. Mmoja akiwa na neno kwa mwenzake, anamtuma wifi. Mtu mzima huyu, mwalimu wa chuo cha ufundi aliyeruhusiwa kwenda kusoma, anapanda na kushuka ngazi za majengo mawili kama mtoto wa wazazi walioachana. Na ruhusa yake ya masomo ilikuwa inaisha mwisho wa mwaka. Asipomaliza, anarudi kufundisha mikono mitupu.

Basi wakaja wageni. Profesa wa ujenzi akaagiza karakana yake, wifi anakoloweka zege lake, isafishwe. Kule kwao ujenzi, kipande cha zege kilichopasuka kimefeli, na kilichofeli hutupwa. Akachungulia tangi la wifi, akaona nyufa, akasema, "Hivi vibovu vyote nje."

Wifi alinipigia simu analia, nikaenda mbio. Tulivikuta nyuma ya karakana vimekuwa kokoto. Kimoja tu kilikuwa kizima, kimewekwa kuzuia gurudumu la gari la Profesa huyo huyo.

Wifi akafuta machozi, akamfuata ofisini. "Profesa, sogeza gari. Umekanyaga shahada yangu."

Gari liliposogezwa, kile kipande kilionekana kina mstari mweupe wa chokaa. Ufa ulikuwa umeziba zaidi ya nusu! Wifi alikibeba mpaka jengo la pili, Profesa wa ujenzi akimfuata, akakibwaga mezani kwa Profesa wa viumbe.

"Ungetuambia," alisema wa ujenzi.

"Niliwaambia. Kila mmoja peke yake."

"Mimi tangazo la usafi nililiona," wa viumbe akakiri, "ila kule si kwangu. Wewe anza upya tu." Alisema kama mtu anayeagiza chai ya pili.

Nilitafuta kitu cha kumrushia. Wifi akanishika mkono.

"Sianzi chochote," aliwaambia, "mpaka mwende wote wawili kwa mkuu wa chuo ninachofundisha mkaniombee muda."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wasomi hawa waliuacha ufa wao miaka yote, na ukuta ukamwangukia mtu mwingine.

Walikwenda. Walitembea bega kwa bega bila kutazamana, na wifi nyuma yao kama askari, kipande mkononi. Muda aliongezewa, na sasa anamwaga zege upya. Samahani hajaombwa mpaka leo.