Mipaka ni Shwari

Wanasema soko sasa ni huria. Juzi, Kariakoo, niliwaona mgambo wa jiji wakimwaga maharage ya mama ntilie mtaroni. Mama hakulia. Alisimama mguu sawa, mikono imenyooka ubavuni, kama askari anayekaguliwa.

"Mama, unatufanyia mchezo?" mgambo mmoja akafoka.

"Hapana, mwanangu. Wakati wa vita nami nilikuwa mgambo. Nililinda daraja kwa bunduki ya mbao. Tulifundishwa kwamba adui atatokea mpakani."

"Sasa?"

"Sasa wanangu leo watalala njaa, na mpakani hajavuka mtu."

Kijana akainamisha uso, kisha akaitupa sufuria kwenye lori lao.

Jioni redio ikatangaza kwamba nchi iko salama. Nakubali. Sufuria tumeshaikamata.