Nati ya Gurudumu la Nyuma

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo viganja vinanitoka jasho. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, nakaa Makongeni, chumba kimoja, na ndani ya hicho chumba mlikuwa na kitanda, jiko na pikipiki. Si hizi za kubeba abiria. Ilikuwa ya mbio, ile unayolalia tangi, nyekundu, na ilikuwa imeshapita mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Mama alipokuja kunitembelea alisema nyumba inanuka petroli na hakuna mwanamke atakayeivumilia.

Nilikuwa naitengeneza mwenyewe mlangoni, juu ya gunia. Hakuna aliyenifundisha. Nilifungua, nikaangalia, nikafunga, ikawaka, basi nikajiona fundi. Ninyi mna simu zinazowaonyesha kila kitu na bado mnafanya kazi mbiombio. Sisi hatukuwa nazo, na haraka ilikuwa ileile.

Siku hiyo nilikuwa nimpeleke Wambui, msichana niliyetaka kumuoa, kule Njiru, shangazi yangu amwone kabla wazee wetu hawajaenda kwao kuposa. Asubuhi nikaona cheni imelegea. Si kazi kubwa: unalegeza nati ya gurudumu la nyuma, unalivuta gurudumu nyuma kidogo, sawasawa pande zote mbili, halafu unaikaza nati kwa nguvu zako zote. Nililegeza, nikavuta, nikapima. Ndiyo kwanza naizungusha nati kwa vidole, wakapita vijana wa mtaa. Nikaweka spana chini tukaongea mpira, tukaongea pikipiki, wakaisifu yangu, nami nikawasaidia kuisifu. Walipoondoka nilirudi kazini, lakini sikushika spana. Nilishika kitambaa. Nikapangusa tangi mpaka nikaona uso wangu ndani yake. Kosa langu liko hapo, na silifichi: niliona inang'aa, nikaamini iko tayari.

Wambui alifika saa nane, amevaa suruali ya heshima na koti alilokuwa ameazima kwa dada yake. Akapanda nyuma, akanishika kiuno. Nilikuwa na furaha, mwanangu, furaha ya kijinga kabisa.

Sasa, milango miwili kutoka kwangu alikaa Mzee Mutiso, Mkamba mmoja mpole aliyestaafu kazi ya ufundi katika karakana ya reli. Alikuwa na swali lake moja, na alimuuliza kila mtu aliyemwona na kifaa mkononi, hata mama aliyekuwa akitengeneza cherehani: umefungua nini, na umefunga nini? Alitueleza kwamba huko kazini kwao aliyetengeneza alimsimulia mwenzake kwa mdomo, akigusa kila nati aliyoilegeza. Mwenzake asiporidhika, mashine haitoki. Sisi vijana tulikuwa tukimwigiza na kucheka akishapita.

Basi akaja mpaka mbele ya pikipiki, akauliza swali lake. Mbele ya msichana wangu. Nikakasirika, nikamjibu vibaya.

"Mzee, hii si gari moshi. Nimefunga kila kitu. Iko sawa."

Hakunijibu kwa hasira. Alimgeukia Wambui na kumwomba kwa upole ashuke kidogo. Kisha yeye mwenyewe, na goti lake bovu, akashika bega langu na kupanda nyuma yangu.

"Kama iko sawa, nibebe mimi kwanza. Mpaka Jogoo Road na turudi. Twende."

Injini inaunguruma. Mkono wangu uko kwenye klachi. Nikajaribu kukumbuka nikikaza ile nati, nikakumbuka mpira, nikakumbuka kitambaa, nikakumbuka kila kitu isipokuwa spana. Nikaufikiria ule mwili mzee nyuma yangu, na Jogoo Road ilivyojaa malori. Mkono ukakataa kuachia klachi. Nikazima injini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Mzee akashuka polepole. Nikachuchumaa nikaigusa nati. Ilizunguka kwa vidole viwili. Wambui alikuwa amesimama hapo hapo, akaiona ikizunguka.

Mzee Mutiso ndiye aliyesema, tena kwa sauti ya chini, jirani wasisikie.

"Kusahau si kitu, kijana. Mimi nimesahau mara nyingi. Lakini mimi umeniogopea. Mbona huyu hukumuogopea?"

Nilimwomba msamaha, nikamwomba na Wambui. Kisha nikaikaza ile nati, na Mzee akanitaka nimsimulie kazi yote tangu mwanzo, nikigusa. Nikasimulia kama mtoto anayesoma darasani. Wambui akavuta kigoda akasikiliza, na aliporidhika yeye, si mimi, ndipo akavaa helmeti yake. Tulifika Njiru jioni, shangazi amenuna kwa kungoja, na mambo yakaenda vizuri. Huyo ndiye mke wangu unayemjua. Mpaka leo nikigusa breki za gari, huja mlangoni na chai yake na kuniambia, haya, simulia.

Mwanangu, nimeona umenunua pikipiki yako, na nimeona unaifungua mwenyewe hapo nje. Sikukatazi, nafurahi sana. Mikono inayojifunza kutengeneza haitakuacha na njaa wala na upweke. Ila ukiitwa katikati ya kazi, usiitike mpaka umalize nati uliyoishika. Na ukiitika, anza tena kutoka ya kwanza. Kung'arisha kuje mwisho. Ukimaliza, tafuta mtu umsimulie ulichofungua na ulichofunga, hata kama hajui spana ni nini, kwa sababu ni masikio yako yatakayosikia palipobaki wazi. Anayekuuliza hakudharau. Na kabla hujamwambia mtu panda, mfikirie yule ambaye ungeogopa kumwangusha kuliko wote duniani, umweke yeye kwenye kile kiti. Mkono ukisita, zima.

Mungu akubarikie mikono yako. Akupe jirani wa kukuuliza, akupe na moyo wa kumjibu vizuri kuliko nilivyomjibu wangu. Na kila utakayembeba, ashuke kwa miguu yake mwenyewe, akikuuliza mtatoka tena lini.