Nyumba Moja na Mama Mkwe

Kikohozi cha mzee kilianza siku ile ile nyanya aliposhushwa kutoka kwa pikapu ya misheni. Hatukuunganisha mambo hayo mawili. Tulidhani ni kifua.

Wakati huo nilikuwa naishi na kufanya kazi katika nyumba ya wazee, kule chini kabisa ambako barabara ya kutoka Busia inaishia majini. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nimechoka kuuza ndizi mbivu mtaani Burumba, pale mjini Busia, na kichwa changu kimejaa mipango. Nilifua mashuka, nikapika uji, nikawasukuma wasioweza kutembea hadi barazani waone ziwa. Moyoni nilijiambia kwamba siku moja nami nitazeekea mahali kama hapa, penye upepo wa bure na mtu wa kunipa dawa hapo hapo. Wenzangu wa Burumba walinicheka, eti nani anaota uzee akiwa hata hajaolewa.

Nyumba yenyewe ilikuwa moja, ndefu, vyumba huku na huku, chumba cha kulia katikati na zahanati ndogo mwishoni. Watu wote walikula pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa raha ya pale, na ndiyo ilituletea taabu.

Mzee alikuwa amefika kitambo. Ujana wake wote aliumaliza kwa baiskeli, akibeba watu kati ya Busia na Malaba, mpaka goti likakataa. Maneno alikuwa nayo mengi kushinda redio. Akinikuta nafua ananiuliza, "Dada, hiyo shuka imekukosea nini unaichapa hivyo?"

Nyanya yeye alitoka Angurai, kwa Wateso. Alikuwa na kidonda mguuni kilichokataa kufunga, na kwake hakukubaki mtu wa kukiosha, ndiyo maana kanisa likamleta kwetu. Sista, ambaye alikuwa muuguzi na pia mkubwa wa nyumba, alituambia wazi. Kidonda kikioshwa kila siku, mguu utapona. Kikiachwa, utakatwa, na kwa umri ule huenda nyanya asiamke baada ya kukatwa.

Basi nyanya alishuka, akatupa macho barazani mara moja tu, akajifunika leso kichwa kizima na kuingia chumba cha mwisho. Kutoka humo akakataa. Nilimpelekea ugali na samaki.

"Wengine wanakula saa hii?" akauliza.

"Wote wako mezani, nyanya."

"Basi rudisha."

Alikunywa maji. Alikula ndizi niliyomletea mchana wakati wenzake wamelala. Uso ukaanza kuingia ndani. Na huku nje mzee anakohoa. Akitoka chumbani, kohoo. Akipinda kona, kohoo. Akienda chooni ndiyo usiseme. Sista akaogopa kifua kikuu, akamtenga, makohozi yakapelekwa hospitali. Majibu yakarudi safi. Nilikuwa natandika kitanda cha pili chumbani mwake Sista alipomkalisha mzee amuulize.

"Mzee, kifua chako ni kizima kushinda changu. Unakohoa nini?"

Mzee akatazama mlango, akashusha sauti. "Nakohoa ndiyo ajue nakuja."

"Nani?"

"Huyo mama wa chumba cha mwisho. Ndiye alinizalia mke."

Sista alikuwa Mluhya, mzaliwa wa Bumala. Hakuhitaji kuelezwa, hata mimi sikuhitaji. Akaketi tu kitandani kando ya mzee, mikono mapajani. Kwetu, Mteso na Mluhya pamoja, mwanaume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawali meza moja, hawalali chini ya paa moja. Hapo hakuna ugomvi. Ni heshima, tena kubwa. Mke wa mzee alikuwa amekufa miaka mingi iliyopita, lakini heshima haikuzikwa naye. Na sisi tulikuwa tumewaweka wawili hao chini ya bati moja.

Habari ikafika kwa nyanya kwamba tumejua. Akanituma kwa Sista: "Mwambie Jumamosi pikapu ikienda mjini, mimi napanda. Sitamwaibisha mtoto wa watu."

Mzee aliposikia akaanza kufunga nguo zake kwa shuka. "Niende mimi. Mimi ni mwanaume, nitalala popote."

"Popote ni wapi, mzee?" nikamuuliza.

"Popote ni pakubwa, dada. Sitakosa kona."

Nilicheka, halafu nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia kidogo. Kila mmoja alikuwa tayari kwenda kufa peke yake ili mwenzake akae vizuri, na wote wawili walikuwa na haki.

Sista alijaribu. Alitundika mashuka katikati ya chumba cha kulia, wanaume huku, wanawake kule. Nyanya akaja akiwa amefunikwa, akaketi, akachukua tonge la kwanza, akaliweka chini. "Namsikia akitafuna," akasema, akarudi chumbani.

Siku iliyofuata nilikaa naye akioshwa mguu. Kidonda kilikuwa kimeanza kuwa chekundu vizuri, rangi ya nyama mpya. Hiyo iliniuma zaidi.

"Nyanya," nikasema, "hii heshima haina mwisho?"

"Iko nayo. Mkwe analeta blanketi, ananifunika mabega. Mimi namchinjia kuku, anakula kwangu. Kutoka hapo tunaonana kama watu."

"Sasa si alete?"

Akaniangalia kama anayeangalia mtu asiye na kwao. "Alete wapi? Hapa ni kwangu? Umeona wapi mwanamke anapokea mkwe kwa nyumba ya watu? Mlango wangu uko wapi? Mafiga yangu yako Angurai."

Alitaja mafiga, yale mawe matatu ya kutegesha chungu, na mimi nikaona kitu. Chini karibu na maji kulikuwa na stoo ya zamani ya nyavu, ukuta wa udongo, bati juu, imejaa popo na mabirika yaliyotoboka. Nilikuwa nimeiota mara nyingi kama nyumba yangu, na pazia la buluu dirishani. Nikamfuata Sista kwa zahanati.

"Sista, tumpe nyanya ile stoo. Iwe kwake kabisa, na mlango wake na mafiga yake. Halafu mkwe aje kama mgeni."

"Na akianguka huko peke yake?"

"Tutafunga kamba na mikebe mpaka dirisha la zahanati. Akivuta, unasikia."

"Na moto?"

"Mafiga yakae nje."

"Wewe na ndoto zako," akasema Sista.

"Hii ni ndogo, Sista. Ukubwa wa stoo tu."

Akanipa ufunguo.

Zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya Jumamosi, na kumbe wazee wetu walikuwa wamelala na nguvu zao. Aliyeweza kushika jembe alichimba udongo. Aliyekuwa kwa kiti cha magurudumu akawa fundi mkuu, kazi yake kutukana. Mama mmoja kipofu alikanyaga udongo kwa miguu akiimba, na tulipomwambia umetosha akasema ndiyo kwanza ameanza. Nilipofika kusiriba sakafu kwa udongo na mavi ya ng'ombe, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Nani alikufundisha kusiriba? Hiyo ni sakafu ama ni uji umemwagika?"

Ni nyanya, Sista ameshamwambia nyumba ni yake, amesimama mlangoni, bandeji mguuni. Alininyang'anya kazi, akapiga goti moja, mguu mbovu ameunyoosha, akaipaka sakafu ile kwa kiganja kwa mizunguko iliyofanana yote. Mawe ya mafiga aliyachagua mwenyewe ufukweni. Alikataa mengi. Sista akampa kuku jike mweusi, zawadi ya nyumba mpya, ili awe wake asiwe wa misheni.

Ikabaki blanketi, na hiyo ilikuwa juu ya mzee kuitafuta. "Ya misheni si yangu," alisema, na hiyo ilikuwa kweli. Alichokuwa nacho ni kiti cha abiria cha baiskeli yake, mto wa ngozi nyekundu alioushona mwenyewe, watu wa Busia wote waliujua. Akanipa nikakibadilishe. Nilipokishusha mjini Busia, pale wanapokaa vijana wa baiskeli, mmoja akakigusa kama mtu anayegusa kitabu cha kanisa. Tulielewana bila kelele, na nikavuka barabara kwa mama mmoja Mganda aliyeuza mablanketi.

"Nnyabo, ni ya mgonjwa?" akaniuliza, akiniita mama kwa Kiganda.

"Ni ya mama mkwe."

"Basi weka hiyo chini. Hiyo ni ya mtu unayemchukia." Akanivutia nyingine, nzito, ya maua.

Ijumaa mchana tulikaa wote barazani tukijifanya tunatazama ziwa. Nyanya alikuwa amepika atap, ule ugali wa wimbi wa kwao, na kuku kwa simsim. Moshi wake ulipanda kutoka kwa mafiga yake. Mzee akashuka na fimbo yake, shati limepigwa pasi, blanketi begani. Alipokaribia akasimama akakohoa.

"Nani huyo?" nyanya akauliza, na anajua.

"Ni mkwe wako, mama."

"Karibu nyumbani."

Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu ya kunawisha mikono. Mzee alifungua blanketi, akamfunika mama mkwe mabega kutoka nyuma, polepole, kama mtu anayefunika mtoto asiamke. Nyanya akashusha leso. Akageuka, akamtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake.

"Kumbe wewe ni mfupi hivi," akasema.

"Nilikuwa mrefu, mama. Umechelewa kuangalia."

Nyanya akacheka mpaka akashika ukuta mbichi, alama ya kiganja ikabaki. Halafu akalia, na mzee akalia, kwa sababu kulikuwa na mmoja ambaye wote wawili walimpenda na hawakuwa wamewahi kumzungumzia pamoja. Walimzungumzia siku hiyo. Nilimwaga maji ya kunawa nje, nikawaacha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nagawa chai. Nyanya akaingia chumba cha kulia bila leso kichwani, blanketi ya maua begani ingawa kulikuwa na joto, akapita meza ya wanawake moja kwa moja mpaka benchi la mzee.

"Sogea," akamwambia. "Na ukitafuna, funga mdomo. Nimevumilia hiyo kelele vya kutosha."

Mzee akasogea.